Siku Babu Alipopanda Gurudumu

Mpenzi msomaji, hakuna safari ya ajabu kama safari ya gurudumu la kubembea. Unalipa pesa zako, unaketi kitini, unapandishwa juu mpaka roho inadunda, kisha unashushwa pale pale ulipopandia. Ukiulizwa umeenda wapi, huna jibu. Mombasa hujafika, Kisumu hujafika, hata Thika hujafika. Lakini watu hupanga foleni juani kungojea safari hiyo, na wengine wakishuka hurudi nyuma ya foleni wapande tena.

Mambo haya hayakuanza jana. Gurudumu la kwanza kubwa kabisa lilijengwa Marekani katika jiji la Chicago, mwaka wa 1893, kwa ajili ya maonyesho ya dunia. Aliyelibuni alikuwa mhandisi kwa jina George Ferris. Lilikuwa na urefu wa mita 80 hivi, likabeba vyumba 36, na kila chumba kiliweza kuchukua watu 60. Hebu piga hesabu mwenyewe: watu 2,160 angani kwa wakati mmoja, yaani shule mbili nzima pamoja na walimu wao! Tangu wakati huo kila jiji kubwa limetaka la kwake. Vienna walijenga lao mwaka wa 1897 na bado linazunguka. London wana la mita 135 kando ya mto Thames, lililoanza kubeba wageni mwaka wa 2000. Dubai nao walifungua la mita 250 mwaka wa 2021.

Katikati ya jiji letu la Nairobi hapana gurudumu kama hilo la London. Mtu mwenye hamu ya kuutazama mji kutoka juu hupanda jengo la KICC. Mwenye hamu ya kubembea hungojea Shoo ya Jamhuri. Mimi nilifanya yote mawili kwa siku moja, Jumamosi ya mwisho ya Septemba mwaka wa 2023, nikiwa kidato cha pili. Lakini sikwenda kwa hamu yangu. Nilikwenda kwa sababu ya macho ya Babu.

Babu yangu ni mtu wa Vihiga, mkulima wa chai kidogo na ndizi. Mwaka huo alianza kugonga vitu. Akipita mlangoni, bega linagonga fremu. Akimiminiwa chai, mkono unapita kando ya kikombe. Nyanya alidhani ni uzee tu. Baba akatuma nauli, Babu akaja kwetu Kawangware, wakaenda pamoja kwenye hospitali moja ya macho upande wa Kikuyu. Huko waliambiwa ni glakoma, ule ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho.

Baba alitueleza jioni ile tukiwa mezani. Ndani ya jicho mna maji, na maji hayo yakikosa kutoka sawasawa, msukumo unapanda na kuuminya mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo ukishakufa haufufuki. Ugonjwa hauumi wala hauwashi, kwa hivyo mtu hajui. Tena huanzia pembeni. Unakula kingo za macho polepole, na mgonjwa anabaki akiona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Daktari alimpa Babu dawa ya matone. Matone hayarudishi kilichokwenda, yanalinda kilichobaki. Na kwa Babu kilichobaki kilikuwa kidogo.

Babu alisikiliza mwanawe mpaka mwisho, akanywa chai yake, kisha akasema, "Daktari ameniambia niyatunze. Sawa, nitayatunza. Lakini kabla sijarudi nyumbani nataka kuyatumia. Nataka kupanda ile nyumba yangu."

Sote tulijua "nyumba yangu" ni ipi. Babu alikuja Nairobi mwaka wa 1971 akiwa kijana wa miaka 19, akaajiriwa kibarua katika ujenzi wa KICC. Alikuwa mtu wa mkono. Alibeba karai, akasukuma wilbaro, akapandisha kokoto na simiti kwa mafundi. Usiku alilala Kaloleni kwa shemeji yake, alfajiri akatembea hadi kazini. Jengo lile lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway akishirikiana na Mkenya mwenzetu, David Mutiso. Mzee Jomo Kenyatta alilifungua Septemba 1973, na mwezi huo huo wakuu wa fedha wa dunia nzima, wa Benki ya Dunia na wenzao wa IMF, wakaja kukutana humo. Ghorofa 28, mita 105. Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna jengo lililolipita humu nchini. Huko juu ulijengwa mkahawa wa kuzunguka, mgeni aketi akila huku mji ukipita mbele yake. Babu alisaidia kubeba jengo hilo kwa karai, lakini tangu lifunguliwe hakuwahi kulipanda akiwa mgeni. Kibarua kiliisha, akapata kingine kwingine, halafu akarudi shambani.

Baba ni fundi wa magari na Jumamosi ndiyo siku yake ya kuchuma. Basi nikaambiwa, "Wewe ndiwe utakayempeleka." Nikasema sawa. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nikiwaza vile nitavusha mzee asiyeona pembeni katika barabara za Nairobi.

Asubuhi tukapanda matatu ya 46. Muziki ulikuwa juu mpaka viti vinatetemeka. Makanga akamshika Babu mkono akamwambia, "Guka, kaa hapa mbele, hutaruka ruka," na nikamshukuru moyoni. Mjini tulitembea taratibu. Nilijifunza haraka kwamba Babu nikimshika mkono anakasirika, lakini akishika bega langu yeye mwenyewe, twende hata Mombasa.

Tulipofika uwanja wa KICC, mbele ya sanamu ya Mzee Kenyatta ameketi kitini, Babu alisimama akainua uso. Akautazama ukumbi wenye paa lililochongoka kama nyumba ya msonge. Kisha akaanza kupandisha kichwa pole pole kwenye ule mnara, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka kofia ikaanguka. Nikaiokota.

"Umeiona, Babu?"

"Nimeona vipande," akasema. "Nikitazama chini, juu haipo. Nikitazama juu, chini imekwenda. Ni kama kusoma gazeti kwa tundu la ufunguo."

Tukalipa kiingilio, lifti ikatupandisha mpaka masikio yakaziba, tukamalizia kwa ngazi. Juu kule upepo ulikuwa mwingi. Babu hakukimbilia kutazama. Kwanza alipapasa ukuta kwa kiganja, akaubisha kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika na kazi ya mwanafunzi. "Haijapasuka," akasema. Kisha akashika bega langu. "Haya, niambie."

"Ninaona magari mengi sana barabarani."

"Hayo hata kipofu anayasikia. Barabara gani? Yanakwenda wapi?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo kazi ilipoanza. Nilimgeuza tukaelekea magharibi, nikaanza upya. Nikamwambia, karibu kabisa na sisi ni Bunge na mnara wake wa saa. Nyuma yake ni Uhuru Highway. Juu ya barabara hiyo siku hizi kuna barabara nyingine, imefunguliwa mwaka wa 2022, inatoka Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27.

"Juu yake? Imesimama juu ya nini?"

"Nguzo, Babu."

"Moja moja au mbili mbili?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimepita chini ya nguzo hizo mara ngapi sijui, kila nikija mjini, na ndio kwanza nazitazama. "Moja moja. Halafu huko juu kila moja imepanuka kama herufi T."

"Aaa," akasema, na nikaona midomo yake inahesabu. Alikuwa anajenga kichwani. "Hiyo ni kazi. Endelea."

Nikaendelea. Ng'ambo ya barabara, kijani cha Uhuru Park. Nyuma yake mlima wa Upper Hill, ambao zamani zake Babu ulikuwa nyumba za mabati na bustani, na sasa umejaa vioo. Nikamwonyesha jengo la Britam lililokamilika mwaka wa 2017, mita 200, karibu mara mbili ya KICC. Nilidhani ataona wivu kwa ajili ya nyumba yake. Alicheka tu akasema mtoto lazima ampite baba, la sivyo baba amezaa bure.

Zaidi ya hapo mji unajificha chini ya miti. Huko ndiko Kilimani, huko ndiko Lavington, na nyuma yake kabisa ndiko kwetu Kawangware, ambako hakukuonekana. Mwisho wa yote, milima ya Ngong.

"Milima ikoje?"

"Ni minne, imepangana."

"Imepangana kama nini?"

Nikakunja ngumi, nikachukua kidole chake nikakipitisha juu ya vifundo vya mkono wangu, kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. "Kama hivi, Babu. Na rangi yake ni ya samawati, kama moshi wa kuni mbichi."

Hakusema kitu. Alikirudisha kidole mpaka kifundo cha kwanza, akapita tena.

Tulizunguka paa lote kwa saa nzima. Upande wa mashariki nikamwonyesha stesheni ya reli, kisha Muthurwa, kisha Gikomba, naye akanyoosha mkono akaniambia Kaloleni iko huko, tazama kulia kidogo. Aliijua kuliko mimi ninayeona. Watalii walitupita wakipiga picha, wakashuka, wakaja wengine, sisi tukiwa bado kwenye nguzo na paa. Koo lilinikauka. Mambo ambayo mwalimu wetu wa Kiswahili hutuandikia pembeni mwa insha kwa kalamu nyekundu, yaani "kama nini?" na "eleza zaidi", Babu alikuwa ananiuliza papo hapo, na hapa hapakuwa na alama. Neno nililokosa lilikuwa jengo ambalo yeye asingeliona tena.

Tuliposhuka nilidhani tunarudi nyumbani. Mzee akauliza, "Leo si Shoo iko Jamhuri?" Kumbe alisikia redioni. Maonyesho yale huandaliwa na ASK kila mwaka mwishoni mwa Septemba, na kwa jina rasmi ni maonyesho ya kimataifa ya biashara, lakini nani hasa husema hivyo? Ni Shoo tu. Tukachukua matatu ya 111 inayopita Ngong Road, tukashuka Jamhuri.

Hapo sina haja ya kukueleza mengi, kwa maana wengi wenu mmefika. Ng'ombe wa maziwa waliosuguliwa mpaka wanang'aa. Mabanda, vumbi, watoto wenye nyuso zilizopakwa rangi ya simba. Babu alitazama ng'ombe wawili tu, akauliza maswali matatu kuhusu mahindi, kisha akasikia mayowe ya watu waliokuwa hewani. "Ni nini hiyo?"

"Ni gurudumu la kubembea, Babu. Watu wanazungushwa."

"Twende."

Nilijaribu kumzuia. Miaka 71! Nikamwambia kuhusu kizunguzungu, nikamwambia kuhusu Nyanya atasema nini. Akanijibu kwamba ghorofa ya 28 aliipanda bila ukuta, kwa mbao, akiwa na karai kichwani, na nyapara akimfokea. Nikanunua tikiti mbili.

Gurudumu lenyewe halikuwa la Chicago wala la London. Lilikuwa la kawaida la kuhamishwa, labda ghorofa sita kwenda juu, lenye taa za rangi na kelele za injini. Mhudumu hakutupakia kwa kufuata foleni. Alipakia kiti kimoja, akalizungusha nusu, akapakia cha upande wa pili. Wenzetu walinung'unika, lakini ukikumbuka somo la fizikia kuhusu mizani utaelewa: uzito ukijaa upande mmoja, injini itahangaika kuupandisha na breki itahangaika kuuzuia. Na viti navyo havipinduki kwa sababu vinaning'inia kwenye pini iliyo juu ya uzito wa abiria. Gurudumu linageuka, kiti kinabaki kimesimama wima. Babu alipapasa ile pini kabla hajaketi.

Tukafungiwa chuma. Tukapanda kidogo, tukasimama. Tukapanda tena. Kila mara abiria wapya wakipakiwa chini, sisi huku juu tunabembea. Mimi nilishika chuma kwa mikono miwili. Tukafika kileleni, gurudumu likasimama kabisa, na kelele zote za Shoo zikabaki chini kama redio ya jirani.

Nilianza kusema bila kuulizwa. Chini yetu ni mabanda ya Shoo. Kushoto, paa za Woodley, na hapo mbele kidogo ndipo Kibera inapoanza, mabati yameshikana, mapya yanawaka na ya zamani yana kutu kama ngozi ya viazi vitamu. Mgongoni kwetu ni msitu wa Ngong. Mbele kabisa, mashariki, ndiko mjini tulikotoka. Jengo refu kuliko yote ni lile la Britam, linachongoka juu. Sasa, Babu, toka hapo uende kushoto, pole pole, pita lile jingine, kuna kichwa kipana kama uyoga, rangi ya udongo...

"Ngoja," akasema. "Nyamaza."

Nikanyamaza. Alikuwa ametulia, shingo imenyooka, macho hayapepesi. Upepo ukatikisa kiti. Nilidhani ameshikwa na kizunguzungu.

"Imeingia," akasema. "Yote imeingia."

Mwanzoni sikuelewa. Baadaye ndipo nikalifikiria nikaona ni jambo rahisi kabisa. Mtu aliyebaki na tundu dogo la kuonea, kitu kikubwa kikiwa karibu hakipiti tunduni, atakiona vipande. Lakini kitu hicho hicho kikiwa mbali huwa kidogo, nacho hupita. Asubuhi, chini ya KICC, Babu hakuweza kuliona jengo alilolijenga. Mchana, kilomita kadhaa kutoka hapo, akiwa ananing'inia juu ya uwanja wa Shoo, aliliona kichwa na mabega, pamoja na majirani zake wote, limesimama katikati ya mji wake. Sikumwona akilia, kwa hivyo sitakwambia alilia. Alisema tu, "Tulikuwa watu wengi." Kisha akataja majina ya wenzake wa kibaruani, polepole, mmoja mmoja. Sikuyajua hata moja.

Gurudumu likaanza kuzunguka mfululizo. Kila tulipofika juu, Babu aligeuza kichwa upande ule ule, naye hakukosea hata mara moja. Tukishuka alikuwa akingoja. Tulipoteremshwa, mhudumu akamuuliza, "Guka, ulisikia poa?" Babu akamjibu, "Kijana, grisi ya pini ya kiti chetu imeisha," akaenda zake kununua njugu.

Alirudi Vihiga siku ya Jumanne. Matone yake anatiwa na Nyanya asubuhi na jioni, bila kukosa. Tundu limezidi kuwa dogo, hilo sitalificha, ingawa daktari anasema bila dawa lingekuwa limekwisha kufungwa. Huwa ananipigia simu Jumapili. Hanisalimii kwa kuuliza masomo kama babu wengine. Huuliza, "Haya, niambie. Umeona nini?" Nami humweleza: daraja jipya, jengo linalopanda karibu na steji yetu, limefika ghorofa ya ngapi, mafundi wametumia mbao au vyuma kupandia. Akisema "kama nini?" nimejiandaa.

Kuna jambo la pili. Daktari alieleza kwamba glakoma hupenda kutembea katika ukoo, na ndugu na watoto wa mgonjwa wapimwe hata kama wanaona vizuri. Baba alikuwa akisema atakwenda wiki ijayo, wiki ijayo. Baada ya siku ile ya Shoo nilimweleza kuhusu tundu la ufunguo, na kofia iliyoanguka, na lile neno "imeingia". Alikwenda Jumatatu iliyofuata. Msukumo wake ulikuwa tayari umepanda, lakini kingo zake bado zote zipo. Sasa na yeye ana kichupa chake cha matone, kiko juu ya kabati kando ya saa.

Basi wenzangu wa Chama cha Kiswahili, nina maombi mawili. La kwanza, kama nyumbani kwenu kuna mzee anayegonga milango, msiseme ni uzee. Apelekwe akapimwe, nanyi mpimwe. La pili ni kuhusu hizi insha tunazolalamikia kila Ijumaa. Tunasema maneno mengi ya nini, tashbihi za nini, si mtihani utapita tu. Mimi nimekutana na msomaji ambaye hakuwa na kitu kingine cha kuonea isipokuwa maneno yangu, na alikuwa mkali kuliko mtahini yeyote. Msomaji wa namna hiyo kila mmoja wenu atampata, kama si leo, kesho.

Kuna wanaouliza bado gurudumu linampeleka mtu wapi. Mimi siwajibu. Shoo ikija tena, nitawanunulia tikiti.